Kilimia, mawe ya Kalokol na nyota za Wadogon: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Habari za wazee wa kale na nyota zikitajwa, watu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema yale yalikuwa ushirikina mtupu. Wapo wengine wanaozipamba mpaka babu zetu wanapewa darubini, au walimu kutoka sayari nyingine. Pande zote mbili zinawanyima wazee haki yao, na hilo linaniuma, maana kazi waliyoifanya kweli inapendeza kuliko hadithi zote hizo.

Dhana: Kutazama nyota kulikuwa kupiga ramli tu

Chukua Kilimia, kile kishada kidogo ambacho mwenye macho mazima huhesabu nyota sita au saba. Jina limetokana na kulima. Tena si neno la pwani peke yake: Wazulu na Waxhosa husema isiLimela, Wasotho husema Selemela. Kwa hiyo anayedai kwamba majina yetu yote ya nyota yaliletwa na wageni amekosea. Zuhura, Mirihi na Zohali tumezipokea kwa Kiarabu, na hakuna aibu katika hilo. Kilimia kimetoka shambani.

Sasa fuata mwendo wake. Mwishoni mwa Aprili, jua likishatua, Kilimia huonekana chini upande wa magharibi. Kila jioni kinazidi kushuka, hata ikafika siku ukitazama hukioni tena. Kimezama. Pwani wakati huo ni masika. Wiki kadhaa zikipita, ndani ya Juni, ukiamka kabla hakujapambazuka utakikuta mashariki, juu kidogo ya upeo, na masika yameshakatika, kusi inavuma. Ikifika Novemba kinachomoza jua linapotua na kukaa angani usiku kucha, na hizo ndizo siku za vuli. Ukishaona hivyo kwa macho yako, methali hii haihitaji kufafanuliwa: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Hakuna aliyesema Kilimia kinaleta mvua. Kinaonyesha mwaka umefika wapi, basi, na mkulima anajua jembe litoke lini. Waxhosa waliongeza jambo ambalo mimi hulipenda sana: mwanamume alihesabu miaka yake ya utu uzima, tangu alipotoka jandoni, kwa idadi ya isiLimela alizoziona zikizuka.

Dhana: Namoratung'a ni kituo cha kupima nyota kilichojengwa mwaka 300 KK

Hii inapendwa sana mitandaoni, hasa Kenya. Magharibi mwa Ziwa Turkana, karibu na Kalokol, kuna nguzo 19 za mawe ya volkeno, zimeinama huku na huku. Waturkana hupaita Namoratung'a, yaani watu wa mawe, na husimulia kwamba hapo zamani walikuwa binadamu, wakageuzwa. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana, na kwamba zina umri wa tangu 300 KK hivi.

Shida ni kwamba tarehe hiyo ilitoka kwenye makaburi ya mahali pengine penye jina hilohilo, mbali upande wa kusini. Tena mawe yenyewe yana usumaku unaovuta sindano ya dira, ikabidi vipimo vya mwanzo virekebishwe. Uchimbaji wa baadaye umeonyesha kuwa maeneo ya nguzo kuzunguka ziwa hilo ni ya wafugaji walioishi miaka 5,000 hadi 4,000 hivi iliyopita. Kwenye eneo moja, Lothagam Kaskazini, wanaakiolojia wamekadiria kuwa walizikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee kwa watoto, wengi wakiwa na shanga zao. Mimi sioni kwamba Kenya imepoteza kitu hapo. Imepata kitu kikongwe zaidi.

Na kalenda ya Waborana? Hiyo ni kweli tupu, haihitaji nguzo. Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana wataalamu waitwao ayyaantu, wanaoshika hesabu kichwani. Wanatazama mwezi umesimama karibu na nyota ipi, na ukiwa na umbo gani. Miongoni mwa nyota zao kuna Busan, ambacho ndicho Kilimia chetu, na Basa, ile nyota ing'aayo kuliko zote ambayo wanasayansi huiita Sirius. Majina ya siku ni 27, ilhali mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Kwa hiyo majina huisha kabla ya mwezi, yanaanza upya, na kila mwezi unafunguka kwa jina tofauti na uliotangulia. Jaribu kuyashika hayo kichwani kwa mwaka mmoja bila karatasi.

Dhana: Wadogon walijua siri ya Sirius kwa kufundishwa na wageni kutoka angani

Wadogon wanaishi kwenye magenge ya Bandiagara, nchini Mali. Mwaka 1950 Wafaransa Marcel Griaule na Germaine Dieterlen walichapisha maelezo kwamba Wadogon wanaijua nyota ndogo, nzito mno, inayoizunguka Sirius kwa miaka 50. Nyota hiyo, Sirius B, haionekani kwa macho matupu. Iligunduliwa kwa darubini mwaka 1862. Miaka ya 1970 watu wakaongeza habari za wageni wa angani, na hadithi ikaenea dunia nzima.

Lakini mwanaanthropolojia Walter van Beek, aliyeishi muda mrefu na Wadogon, aliandika mwaka 1991 kwamba aliowauliza hawakuijua habari hiyo kama sehemu ya mila zao. Nzito, ndogo, miaka 50: yote hayo wanasayansi wa Ulaya walikuwa wameyatangaza kabla Griaule hajaandika.

Dhana: Mwaka Kogwa ni mchezo wa kupigana kwa migomba tu

Wageni wanaofika Makunduchi, Zanzibar, mwezi wa Julai huondoka na picha za mapigano. Sherehe yenyewe inafungua mwaka wa jua, Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, hivyo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, na Ramadhani huzunguka misimu yote. Mkulima na nahodha walihitaji hesabu nyingine. Wakahesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, kila kumi ikaitwa mwongo: miongo 36, na siku tano za kumalizia. Ukijua upo mwongo wa ngapi, unajua kusi imebakiza siku ngapi na chombo kipakiwe lini.