Alama kukutana si mwisho wa taimingi
Kwenye gereji za Nyakato, Mwanza, injini ya zamani ikifungwa upya utasikia: "Alama zimekutana, kaza." Alama hizo za gia za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kemshafti (mhimili unaofungua valvu) hupanga taimingi, yaani lini valvu zifunguke na kufunga. Kukutana tu hakutoshi hata kidogo! Cheni iliyolegea huchelewesha kemshafti huku alama zikitazamana vizuri.

Kitabu cha injini kikisema valvu ya kuingiza hufunguka digrii 16 kabla pistoni haijafika juu na kufunga 56 baada ya kufika chini, jumlisha 16, 180 (za pistoni kutoka juu hadi chini) na 56: unapata 252. Nusu ni 126; toa 16, inabaki 110 baada ya pistoni kufika juu. Hapo ndipo valvu iwe wazi kabisa. Sahani ya digrii kwenye kranki ikisoma 114, umechelewa digrii 4 za kranki, yaani 2 za kemshafti, maana yenyewe huzunguka nusu ya kranki.

Kilele usikikadirie kwa jicho, maana valvu hutulia pale. Soma digrii pande zote mbili za kilele, valvu ikiwa na mwinuko sawa, uchukue katikati.