Kutetemeka usiku baada ya dripu ya saratani: maswali na majibu

Mama yetu anaishi Makete na anatibiwa saratani ya matiti. Siku ya tisa baada ya kutundikiwa dripu alianza kutetemeka usiku. Tukamwongezea mablanketi na kumsogezea jiko la mkaa, tukidhani ni baridi ya Juni. Je, tulikosea?

Kwa mtu anayeijua Makete ya mwezi wa sita, dhana hiyo inaeleweka, lakini kwa mgonjwa anayetumia tibakemia, yaani dawa za kuua saratani kama zile za dripu yake, ni dhana ya hatari. Mtu aliyeshikwa na baridi hutulia akishapata joto, ilhali mwenye homa huendelea kugonganisha meno hata akiwa chini ya mablanketi matatu, kisha baada ya muda mwili wake huwaka moto. Dawa nyingi za tibakemia hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo hupambana na maambukizi, na kwa kawaida chembe hizo hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, hivyo siku ya tisa imo katikati ya kipindi hicho. Katika siku hizo bakteria ambao mwili wenye afya ungewashinda bila mgonjwa kujua wanaweza kuenea kwenye damu ndani ya saa chache.

Nunueni kipimajoto. Nyuzi 38 au zaidi ni dharura, na mgonjwa aende hospitali usiku huohuo badala ya kungoja kupambazuke. Kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo akitetemeka, akilegea au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hata kama namba haijafika 38. Jiko la mkaa, kwa upande wake, litoeni chumbani, kwa kuwa hewa yake huua watu wazima wenye afya, sembuse mgonjwa.

Je, tusimpe kwanza panado, kisha tukampime malaria?

Panado hushusha joto na kuacha maambukizi yakiendelea, kwa hiyo mhudumu atakayempima baadaye anaweza kukuta nyuzi 37 na kuwarudisha nyumbani. Mpimeni joto kwanza, andikeni namba na saa, na msimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Malaria ipimwe, hasa kama ametoka sehemu za joto kama Kyela, ila kipimo kuonyesha malaria hakumaanishi kwamba hana maambukizi mengine. Anahitaji pia kipimo cha picha kamili ya damu, kinachohesabu chembe hizo, na dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa zianze mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike.

Daktari wake yuko Dar es Salaam. Tupande basi la alfajiri?

Hapana. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na Makete iko mbali na barabara kuu. Nendeni hospitali iliyo karibu, na kabla hamjaulizwa lolote semeni: “Huyu yuko kwenye tibakemia, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani.” Bebeni kadi yake na majina ya dawa. Daktari wa Dar apigiwe simu matibabu yakiwa yameshaanza.

Tangu wiki iliyopita analalamika mgongo, na hataki kumwambia daktari kwa kuogopa kuambiwa saratani imeenea. Tufanyeje?

Hofu hiyo huwapata wagonjwa wengi, na kumwambia “usiwaze” hakumsaidii. Maumivu mapya yana sababu nyingi, kuanzia kulala kitandani muda mrefu hadi dawa zenyewe, na kuenea kwa saratani ni mojawapo tu. Mwombeni aeleze mambo matatu, nanyi muandike kwenye daftari: yalianza lini, yanazidi wakati gani, na yanamzuia kufanya nini. Daftari la namna hiyo humrahisishia daktari kazi, na mama naye huacha kurudia hesabu hiyo kichwani usiku kucha.

Hata hivyo, mgongo usisubiri kliniki ijayo. Maumivu yanayozidi akilala au akikohoa yaripotiwe siku hiyohiyo, na miguu ikiwa dhaifu au ganzi, au akishindwa kuzuia mkojo, aende hospitali mara moja, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na kuchelewa kunaweza kumwacha amepooza. Vivyo hivyo kwa pumzi kubana ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au damu isiyokatika puani.

Baba mdogo anatibiwa saratani ya utumbo mpana. Akigusa maji ya bomba asubuhi, vidole vinamchoma kama sindano. Ni hatari?

Kama dawa yake ni oksaliplatini, hilo linajulikana na mara nyingi hupungua siku chache baada ya dripu. Anawe kwa maji ya uvuguvugu, avae glavu, na asinywe vya baridi. Amwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, hasa akianza kushindwa kufunga vifungo vya shati.