Wayahudi si "Wakristo waliomkataa Yesu"

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu kila mara, eti Wayahudi wanaamini kila kitu sawa na Wakristo ila wamemkataa Yesu tu, si kweli jamani. Maneno ni yaleyale, maana ndo tofauti. Dhambi kwanza: Wayahudi hawafundishi kwamba mtoto anazaliwa na hatia ya Adamu, wanasema kila mtu ana mvuto wa mema na wa mabaya, akikosa anatubu, anarudi kwa Mungu. Shetani nae, fungua Ayubu 1:6-12, utamkuta amesimama mbele za Mungu kama mshtaki na hafanyi kitu bila ruhusa, na kwa Kiebrania ni cheo, si jina, wala Wayahudi walio wengi hawamwoni kama malaika aliyeasi. Masihi ni "mpakwa mafuta", ndo maana Isaya 45:1 inamwita hivyo Koreshi, mfalme wa Uajemi! Wanayemngoja ni binadamu wa ukoo wa Daudi atakayeleta amani, si Mungu aliyekuja kufa kwa ajili ya dhambi. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu vitabu karibu vyote vya Agano la Kale ni vilevile. Ikikufikia tena tafadhali usiiforwadi, soma hiyo mistari kwanza.