Je, −3² ni 9?

Wengi tuliosoma aljebra tumebaki tukiamini kwamba −3² ni 9, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Kanuni hiyo ni sahihi, ila hapa alama ya hasi ni moja tu. Kipeo, yaani ile 2 ndogo ya juu, hushika kile kinachogusana nacho, yaani 3, na hasi husubiri nje: −(3 × 3) = −9. Ukitaka 9, tia mabano: (−3)². Vivyo hivyo −x² na (−x)² ni vitu viwili tofauti. Jaribu mwenyewe kwa x = 2; utapata −4 na 4. Vikokotoo vingi vya kisayansi navyo hutoa −9, ingawa programu ya Excel, kwa utaratibu wake, hujibu 9 ukiandika =-3^2 (alama ^ huonyesha kipeo).