Programu inayojisasisha: anza na ufunguo, kitufe baadaye

Wengi wanaotaka programu yao ya kompyuta ijisasishe yenyewe huanza kwa kuuliza kitufe cha kusasisha kikae wapi. Mimi naanzia kwenye ufunguo wa siri wa kutilia matoleo saini: utatunzwa wapi, na nani ataushika?

Programu inapojisasisha huenda kwenye seva, hushusha faili, kisha huliendesha kwenye mashine ya mteja. Atakayeiteka njia hiyo amezipata mashine zote kwa mpigo. Juni 2017, NotPetya, programu hasidi, iliingia Ukraine kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi iliyotumiwa na kampuni nyingi za huko. Hapakuhitajika mtu wa kufungua barua pepe ya kitapeli. Programu waliyoiamini ndiyo iliyowaletea balaa.

Kwa hiyo kila toleo litiwe saini ya kidijitali. Kwenye Mac kuna Sparkle, maktaba ya kusasisha programu iliyopo tangu 2006, ambayo siku hizi hutumia saini za aina ya Ed25519. Unatengeneza jozi ya funguo: wa umma, wa kuhakiki saini, unaupachika ndani ya programu; wa siri, wa kutia saini, unabaki nao. Huo wa siri usiuweke kamwe kwenye seva ileile inayogawa masasisho, maana atakayeivamia seva atapata ufunguo na masasisho kwa pamoja. HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kwa usimbaji, nayo ni lazima. Mwanzoni mwa 2016 ilibainika kwamba programu kadhaa zilizotumia Sparkle zilikuwa zikisoma taarifa za matoleo kwa HTTP tupu, na mtu aliyejipachika katikati ya mtandao, tuseme kwenye Wi-Fi ya hoteli, angeweza kupenyeza msimbo wake.

Namba za matoleo zilinganishwe kama namba. Ukizilinganisha kama maandishi, 1.10 itaonekana ndogo kuliko 1.9, na wateja wako watakwama hapo hapo. Toleo la chini linalotoka kwenye seva likataliwe hata likiwa na saini halali, kwa sababu lile la zamani lenye tundu la usalama ulilitia saini wewe mwenyewe.

Kazi kubwa iko Windows. Haikubali uandike juu ya faili la .exe linaloendeshwa, ingawa inakubali ulibadilishe jina. Napendelea kila toleo liwe na folda yake, app-1.9.0 na app-1.10.0, kama ifanyavyo Squirrel, zana ya kusakinisha na kusasisha programu. Toleo jipya linashushwa pembeni, saini inahakikiwa, na mtumiaji akifunga programu na kuifungua tena ndipo anapelekwa kwenye folda mpya. Umeme ukikatika katikati ya kushusha, toleo la zamani liko palepale, halijaguswa. Jipya likigoma kuwaka, unamrudisha kwenye la zamani.

Hapo ndipo hifadhidata inapowaponza watu. Toleo jipya likishabadilisha majedwali, la zamani huenda lisiweze kuyasoma tena, na kurudi nyuma kunakuwa hakuna maana. Nakili faili la data kabla ya badiliko lolote, tena programu ithibitishe kwamba nakala hiyo inafunguka.

Ukubwa nao ni suala la heshima kwa mteja anayenunua bando. Mwaka 2009 Google ilionyesha sasisho la Chrome la takriban MB 10 likishuka hadi kama KB 700 kwa zana ya bsdiff, kisha KB 79 hivi kwa zana yake ya Courgette, kwa kutuma tofauti tu. Huhitaji kufika huko. Kwa programu za Electron, yaani zile za kompyuta zinazojengwa kwa teknolojia za wavuti, maktaba ya electron-updater inaweza kushusha vipande vilivyobadilika pekee.

Na usiwapelekee wote siku moja. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja lenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Electron-updater ina stagingPercentage, asilimia ya watumiaji watakaopelekewa toleo: andika 5, subiri ripoti za hitilafu siku mbili tatu, ndipo upandishe. Ukiona kasoro, usilirudishe faili lilelile lililorekebishwa kwa namba ileile. Toa toleo lenye namba ya juu zaidi, kwa sababu waliokwisha kulipokea hawatalishusha tena.