Kidole kusoma 99 haimaanishi ubongo uko poa

Kuna hii imani naisikia sana, eti mtu akiwa kwenye operesheni ya shingo, ilimradi kile kibanio cha kidoleni kinasoma 99 basi ubongo wake uko fiti. Hapana jamani. Kile kinapima oksijeni iliyobebwa na damu ya kidole, hakikwambii kama damu ya kutosha inafika kichwani. Ni kama maji ya tangi, yanaweza kuwa safi kabisa ila bomba la ghorofani halina presha.

Sasa daktari akipitia mbele ya shingo kufikia pingili za uti wa mgongo inabidi asogeze pembeni mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, na vyuma vya kushikilia nyama vinaweza kuubana, na kwa mtu ambaye mishipa yake imeshajaa mafuta hiyo si mchezo. Wengine wanapasuliwa wamekalishwa, hapo presha ya mkononi inadanganya, maana kila sentimita 10 kichwa kikiwa juu ya pale unapopimia unatoa kama 7 au 8 hivi (mmHg, kipimo cha presha) kupata presha ya kichwani. Halafu mashine ya kupumulia ikienda kasi mno kaboni dayoksaidi inashuka, mishipa ya ubongo inasinyaa (hii wengi hawaijui, wanadhani kupumua sana ndo bora).

Ndo maana mtaalamu wa dawa za usingizi anakomaa na presha muda wote, na penye vifaa wanabandika sensa kwenye paji la uso, inarusha mwanga unaopenya fuvu kusoma oksijeni ya ubongo wenyewe, ikishuka sana kuliko ilivyoanza anapandisha presha au anamwambia mpasuaji alegeze vile vyuma kwanza.