Mahindi Yamejaa Uani Julai: Dhana Potofu Kuhusu Umaskini wa Nyanda za Juu Kusini

Ukipita barabara kuu mwezi wa Julai, kutoka Iringa hadi Makambako na kuendelea Mbeya, utaona mahindi yameanikwa uani na magunia ya viazi yamejipanga kando ya lami. Wengi wanaokuja na dodoso huja miezi hiyohiyo, barabara zikiwa kavu, na huondoka wakiamini huku hakuna shida. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini huku kwa misimu mingi, na dhana ninazozitaja hapa bado nazikuta.

“Penye chakula hapana umaskini.” Hii ndiyo inayotugharimu kuliko zote. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimezoeleka kuitwa ghala la taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ni karibu asilimia 57 Iringa na karibu asilimia 50 Njombe na Rukwa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Mtoto anashiba uji mtupu na ugali, mayai na maharage yanakwenda sokoni, mama yuko shambani tangu alfajiri. Tumbo limejaa, mwili haukui.

Tena hata huo ugali haupo mwaka mzima. Februari moja tuliketi na akina mama wanane katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo, Iringa, tukachora miezi 12 ardhini. Kila mwezi waliweka punje za maharage kwa kadiri ya chakula kilichopo nyumbani. Julai ilipata punje kumi, Desemba nne. Kwenye Februari mama mmoja aliweka punje moja, akaitazama, akaiokota.

Tukachora mstari wa pili, wa fedha zinazotoka: mbegu na mbolea Novemba, sare na madaftari Januari. Wa tatu, wa kazi: palizi, Januari hiyohiyo. Hapo chanzo kikaonekana wazi. Asiye na unga hawezi kupalilia kwake akingoja mavuno, inabidi aende kibarua kwa jirani apate debe la mahindi, na magugu yanamalizia shamba lake. Mwingine anauza mahindi yakiwa bado shambani, kwa bei ya mwenye njaa, kisha Julai magunia yanapita mlangoni kwake kwenda kwa aliyemkopesha. “Mwanangu, shamba ninalo,” aliniambia yule mama. “Januari ndiyo inayonishinda.”

Dodoso la Julai haliwezi kulipata jibu hilo.

“Ni uvivu na ulanzi.” Ulanzi, pombe ya mianzi, upo, na masika unapotiririka unaumiza nyumba nyingi, hilo silikatai. Lakini kabla ya kumwita mtu mvivu, hesabu mikono iliyopo nyumbani. Utafiti wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, wakati kitaifa ni 4.4. Miaka mingi ya maradhi na vifo imeacha mabibi wakilea wajukuu na kulima kwa jembe la mkono. Bibi wa miaka 70 mwenye ekari moja iliyopaliliwa nusu amefanya kazi kuliko sisi tunaomwandika.

“Nyumba ya bati ni ya mwenye uwezo.” Si lazima. Huenda bati limetumwa na binti anayefanya kazi za ndani Dar es Salaam. Uliza nani analima kibarua kwa nani, na nani anauza mahindi Julai kisha anayanunua Februari.

“Mkutano wa kijiji umeshataja mahitaji.” Mkutano mkuu ni haki ya kila mtu mzima, na ni pa kuanzia. Ila wanaosimama kusema ni walewale, na wengi hutaja kile wanachodhani mgeni amekuja nacho. Akishuka na gari la mradi wa maji, hitaji la kwanza huwa maji. Kaeni na wanawake peke yao, vijana peke yao, kisha mtembee hadi kitongoji cha mwisho, kule njia inakoishia.

“Wazalishe zaidi tu.” Twende Uporoto, milimani huko Mbeya, kwenye viazi. Gunia limejaa hadi mdomoni, lakini mnunuzi hajaridhika. Linaongezewa kilemba cha viazi juu, kinashonewa kwa kamba hadi gunia linakuwa na shingo na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za vipimo zinataka gunia lisizidi kilo 100, lakini bei inapatanwa kwa gunia, si kwa kilo. Mkulima hana mizani, mvua inanyesha, viazi vimeshang’olewa na lori lililofika ni moja. Akikataa, vitaoza.

Kikundi kimoja cha huko kilikuwa kimeandika mbolea kuwa hitaji la kwanza. Tulipofuatilia nao gunia moja, kutoka shambani hadi kwenye lori, waliifuta orodha wenyewe. Juu kabisa wakaandika mizani. Chini yake, kalavati la pale kwenye kijito, ili lori la pili nalo liweze kufika.